Kitenzi cha Kiingereza na Bani la Baba

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Songea, na kitenzi "cure" nilikichukia kabla sijakifundisha. Kamusi inaanza na kuponya mgonjwa. Ukishuka kidogo, unakuta kukausha tumbaku. Jamani! Nimezaliwa Namtumbo, nimekulia pembeni ya bani, kile kibanda tunamotundika majani ya tumbaku na kuyafukizia moshi. Sijaona moshi ule ukimponya mtu. Kamusi ikazidi kunieleza kwamba neno limetoka Kilatini, na huko lilikuwa na maana ya kutunza tu, kuangalia kitu kisiharibike. Nikaifunga kwa hasira. Nilikuwa bado nimekaa na daftari la somo pale ofisini, simu ikaita.

Alikuwa mdogo wangu wa kike. "Dada, njoo. Baba anakohoa damu na hataki kutoka kwenye bani."

Nilifika Namtumbo mchana. Bajaji ya kumpeleka hospitali ilikuwa imeshaitwa, inasubiri uani. Baba amekaa kwenye kigoda mlangoni pa bani, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinapiga filimbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Twende hospitali."

"Na moto huu?"

Kwetu moto wa bani hauachwi. Ukizimika, majani yanaota ukungu. Ukiinuka mwali, bani zima linateketea na jasho la msimu mzima. Na aliyeuwasha haondoki mpaka amkabidhi mwenzake kigogo kinachowaka, mkono kwa mkono. Mama alishatangulia mbele ya haki, na mdogo wangu alikuwa na mimba kubwa, moshi haumfai.

"Nikabidhi mimi," nikasema.

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akatema kwenye majivu na kufukia kwa mguu haraka nisione. Niliona.

"Sikukusomesha uje ukae hapa. Moshi huu nimeumeza mimi ili wewe usiumeze. Rudi kwa wanafunzi wako."

Hasira zikanipanda mpaka kichwani. Nikamfokea baba yangu mzazi, mimi niliyefundishwa kupiga magoti nikimsalimia. "Basi kufa! Kaa hapo ufe, majani yako yakauke vizuri, tukufunike nayo!"

Mdogo wangu akajishika mdomo. Nilijua kwamba baba akikataa tena sina neno lingine, na kumbeba kwa nguvu nisingeweza.

Akainama taratibu, akavuta kigogo kutoka motoni. Nilipokipokea hakukiachia.

"Mwali ukiinuka?"

"Nafunika kwa majivu."

"Ukisinzia?"

"Sisinzii, baba."

"Ukikohoa?"

Nikakivuta kigogo. Machozi yakamtoka baba, na hayakuwa ya moshi. Akakiachia kigogo.

Mdogo wangu akampandisha kwenye bajaji, wakaondoka. Nikakaa kwenye kigoda chake, bado cha moto kwa joto la mwili wake. Niliogopa kila kitu mchana ule. Niliogopa moto, niliogopa simu isipolia, niliogopa ikilia. Mwali ulipochungulia niliurushia majivu kwa pupa hadi nikakaribia kuuzima kabisa, kisha nikapiga magoti kuupuliza, macho yanachuruzika. Neno langu la kuaga lilikuwa kufa. Mungu wangu, ndilo neno nililompa la kusafiri nalo.

Jua lilikuwa limeanza kuinama simu ilipoita.

"Dada, amelazwa. Wamemwekea oksijeni. Daktari anasema tumemwahi, tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine."

Nikalia kwa sauti, sikujali majirani. Kisha nikamwambia, "Mwambie moto uko salama, asiwe na wasiwasi."

"Moto hajauulizia," akasema mdogo wangu. "Anauliza kama unakohoa."

"Mwambie hapana," nikasema, nikaibana simu kifuani ili nikohoe.