Kunguru Wangu Barazani kwa Mzee Omari

Nikipita Magongo mpaka leo huvuka barabara kabla sijafika nyumba ya marehemu Mzee Omari, na wenzangu wakiniuliza husema upande wa pili una kivuli, lakini kusema kweli naona haya, na haya zenyewe nilijitafutia kwa mikono yangu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nikishughulikia mizigo ya watu pale bandarini Kipevu, nami nilikuwa nimempenda Rukia, binti wa Mzee Omari, na ami yangu alikuwa ameshapeleka posa, tukaambiwa tusubiri jibu. Kakake Rukia, Badi, alikuwa baharia na sahibu yangu, naye ndiye aliyetuletea kutoka ng'ambo mchezo wa karata ambao mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuuona: kila mtu ajipangia pakiti yake mwenyewe, karata zina picha za wanyama na majitu, mwaweza kucheza hata wanne kwa pamoja, kila mtu na lwake, mkashambuliana mpaka abaki mmoja. Wenzangu walichanganya, joka hapa, simba pale. Mimi nikaamua pakiti yangu iwe kunguru tupu. Kunguru mmoja peke yake si lolote (hata panya amshinda), lakini kila kunguru aliye mezani awaongezea nguvu wenziwe wote, basi nikawazungukia wenzangu nikibadilishana nao, nikatoa joka langu, nikatoa simba, nikarudi nyumbani na kunguru, na Badi akinicheka.

Ijumaa moja Badi akaniambia nije barazani kwao baada ya alasiri, maana mzee amejifunza ule mchezo na huenda anataka kuniona nilivyo. Akanisihi nije na karata mchanganyiko, hao kunguru wamtia mtu wazimu. Nikaitikia vizuri kabisa, nikafika mlangoni kwangu na karata mchanganyiko nilizoazima mkononi, kisha nikarudi ndani nikachukua kunguru. (Nilitaka mzee aone nina akili.)

Tukakaa mkekani wanne, mimi, Badi, jirani yao Kombo, na Mzee Omari na kanzu yake nyeupe, dele la kahawa kando yake, na majirani wamesimama kututazama. Nyuma ya pazia la dirisha nilijua yuko nani. Mzee alikuwa mchangamfu, akitutania, na alipoona kunguru wangu waanza kuujaza mkeka akasema yeye amezoea kusikia kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, hawa wangu mbona hawakimbii? Kisha akaniambia mbele ya watu wote:

"Mwanangu, tufanye suluhu. Mimi sikugusi, nawe kunguru wako wasinifikie."

"Wallahi, hawatakufikia," nikasema.

Basi kunguru wakazidi, Badi akatoka, Kombo naye akatoka huku akinung'unika, tukabaki mimi na mzee. Mzee akatazama jua, akaweka karata zake chini, akasema kwa upole kwamba Magharibi imekaribia, tumebaki wawili na tuna suluhu, tuishie hapa tukaswali. Mlango ule, jamani, alinifungulia wazi kabisa. Lakini nilikuwa nimeshawaona kunguru wangu walivyojipanga, na damu imenichemka, nikasema, "Mara moja tu, mzee," nikawatuma wote kwake. Laiti ningeishia hapo. Nikainuka nikapigapiga mikono kama mbawa nikilia kwaa kwaa, mguu ukalipiga dele, na kahawa yote ikamwagikia kanzu ya Mzee Omari.

Hakuna aliyecheka. Badi aliinamisha kichwa. Mimi nikashika leso nikaanza kuifuta ile kanzu, doa likazidi kutapakaa, mzee akanishika mkono akauondoa taratibu.

"Umeshinda, mwanangu," akasema, akaingia ndani kubadilisha nguo. Pazia la dirisha lilikuwa limeshafungwa.

Wiki ile ile ami yangu akaletewa jibu kwa adabu zote, kwamba binti bado yuataka kusoma. Nilikwenda kuomba radhi, mzee akanipokea, akaninywesha chai, akaniuliza hali ya wazazi wangu, wala neno la posa halikutajwa. Badi ndiye aliyekuja kunieleza, Rukia alipokuwa ameshaolewa Likoni.

"Mzee alikuwa keshakubali," akaniambia. "Alitaka kukwambia siku ile mkitoka msikitini. Hakuudhika kushindwa wala kumwagiwa kahawa, yakhe. Alisema kiapo cha mchezo kimemshinda, cha ndoa atakiweza?"

Zile karata nilimrudishia zote, sikuzitaka tena ndani ya nyumba. Na tangu hapo nikicheza chochote, hata dhumna, mtu akisema tuishie hapa, mimi huishia hapo hapo, hata kama ushindi nimeushika mkononi. Wenzangu hunisifu, wasema nina ustaarabu. Nami huwaacha waseme.