Kumbukumbu za joto za Rosalind Kubiak

Saa mbili kasoro robo asubuhi, trei zinaanza kumiminika. Zinakuja juu ya mkanda unaotembea, zimebeba bakuli za uji wa shayiri, maganda ya ndizi na vikombe vya kahawa iliyoachwa nusu. Rosalind Kubiak anazipokea bila hata kuitazama mikono yake. Sahani kulia, vikombe kushoto, mabaki pipani.

"Nani tena huyu kaacha kijiko ndani ya glasi?" anapaza sauti. "Lazima ni mwanafunzi wa sheria!"

"Wa sheria angebisha kwanza kama hicho ni kijiko," anajibu Terrell Odom kutoka upande wa mashine, na chumba kizima kinaangua kicheko.

Chumba hiki cha kuoshea vyombo kiko chini ya mkahawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Harmon Falls, nje kidogo ya Toledo, Ohio. Rosalind, mwenye umri wa miaka 58, amefanya kazi humu kwa miaka 21. Leo zamu ina watu saba, na feni mbili kubwa zinavuma ukutani. Mwaka jana wakati kama huu walikuwa wanne, na feni haikuwepo hata moja.

"Watatu walistaafu, uongozi haukuajiri mtu," anasema. "Sahani hazikupungua. Tuliopungua ni sisi."

Mashine hutoa mvuke kutwa nzima, na chumba hakina dirisha. Septemba ya mwaka juzi, Odom aliishiwa nguvu akaanguka. Alipozinduka, Rosalind alikuwa amepiga magoti kando yake akimmwagia maji kichwani. Meneja alikuja, akauliza kama mgonjwa alikuwa amekunywa chai asubuhi.

"Niliondoka na hasira yangu kifuani," Rosalind anakumbuka. "Nikapitia dukani, nikanunua kipimajoto na daftari la shule."

Tangu siku iliyofuata alipima joto mara tatu kila zamu na kuliandika. Alifanya hivyo kwa miezi kumi na minne. Aliyejua ni Odom peke yake.

"Nilikuwa namtania, 'Dada, siku hizi umekuwa mtabiri wa hali ya hewa?'" anasema Odom. "Ananiambia, 'Wewe osha sahani, mzee.'"

Mkataba wa wafanyakazi ulipoisha, chama chao kilitaka mambo mawili yaandikwe: joto likizidi kiwango, kazi isimame, na zamu isiwe na watu chini ya sita. Majadiliano yalisota miezi minne. Siku moja msemaji wa uongozi akatamka kwamba hakuna kumbukumbu yoyote ya joto la hatari katika chumba kile.

Rosalind alikuwa amekaa nyuma, kama msikilizaji tu. Hakuwa amewahi kusema neno mkutanoni. Baba yake, fundi wa kiwanda cha vioo, alikuwa akipiga pasi shati kila siku ya kikao cha chama, lakini binti aliyaona hayo kuwa mambo ya wanaume.

"Niliinuka," anasema. "Nikaenda mbele, nikaliweka daftari mezani. Nikawaambia, 'Kumbukumbu hizi hapa. Someni.'"

Wakasoma. Siku sitini na tatu, joto lilikuwa limepita nyuzi arobaini za Selsiasi. Hata hivyo hawakusaini.

Mgomo ulianza Februari, theluji ikianguka. Rosalind alisimama langoni na bango lake, akitarajia wanafunzi watapita wameinamia simu zao kama siku zote. Badala yake walikuja zaidi ya mia nne, kila mmoja na sahani na kijiko chake mkononi. Mbele yao alikuwa Maeve Lindqvist, wa mwaka wa pili, aliyekuwa amebandika nakala za daftari lile kwenye milango ya mabweni.

"Bi Roz, leo hatuingii mle," alimwambia. "Tunakula na nyinyi, na vyombo tunaosha wenyewe."

"Na chini ya sahani msugue pia, jamani," Rosalind akawajibu, kisha akageuka kando kufuta machozi.

Walimu walileta masufuria ya maharage na nyama. Dada yake Rosalind alileta pierogi, sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, zikaisha kabla hajafunua chombo cha pili. Mkahawa ulikaa mtupu siku tatu. Siku ya nne uongozi ulisaini yote mawili.

"Mikononi mwangu zimepita sahani mamilioni," anasema Rosalind, "lakini ukurasa ule wenye saini ndio kazi yangu bora."

Wenzake wamemchagua kuwa mwakilishi wao. Sasa macho yake yako kwa wasafishaji wa mabweni, walioajiriwa kupitia kampuni ya nje na wasio na chama. Kila Jumanne akitoka kazini hukutana nao katika chumba cha chini cha kanisa la mtaani kwao. Amekwisha kumwambia mumewe kwamba kustaafu kutasubiri hadi nao wapate mkataba.

"Jumanne ya kwanza walikuja wawili, tena mmoja alikosea mlango," anasema akivua glavu. "Juzi wamekuja thelathini na mmoja, viti havikutosha. Nimeshamwomba padri ukumbi wa juu."