Kadi Iliyopinda Katikati

Ufundi wenyewe nilijifundisha kutoka kwa ukurasa mmoja wa gazeti la kigeni, niliokuta umekunjwa ndani ya mfuko wa koti la mitumba. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Lugha yake sikuijua, lakini picha na namba zilitosha. Unakata umbo kwenye kadi, unailaza kifudifudi, kisha unabandika vipande vya karatasi vilivyokunjwa, kimoja juu ya kingine, kwa kuzunguka, mpaka libaki tundu dogo katikati. Kazi yote unaifanya kwa nyuma. Uso wa kadi huuoni mpaka umalize. Kwangu mimi, niliyekuwa nikifungua kamba za viatu na kuzifunga upya hadi vitanzi vilingane, hayo yalikuwa mateso.

Kadi ya siku hiyo ilikuwa ya kumpongeza wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliyekuwa amejifungua. Alilala chumba cha pili, nyumbani kwetu mtaani Amalemba, na mtoto hakunyamaza. Tangu watoke hospitali alilia na kukataa titi. Daktari alisema hana ugonjwa. Senge, dada yake baba, alisema daktari hajui kitu, mtoto anadai jina. Kwetu, marehemu anayetaka kurudi huliza mtoto mpaka aitwe yeye.

Mvua ya alasiri ilipiga mabati. Nilimsikia senge akiita majina ya wafu wetu, moja moja, akingoja kidogo baada ya kila jina. Kilio hakikubadilika.

“Ni nani huyu anaturingia hivi?” senge aliuliza. “Jitokeze basi. Maziwa inapoa.”

Wifi hakucheka. “Senge, mtoto anaisha nguvu. Hata machozi hana sasa.”

“Mbona hujamwita mama yako?” mama yangu alimwuliza senge kwa sauti ya chini.

“Kaburi lake bado bichi. Mtu hakimbianga kurudi hivyo.”

Karatasi ya dhahabu ya chokoleti, niliyoitengea nafasi ya katikati, ilikuwa imeisha, kwa sababu kila kipande kilichopinda unywele mmoja nilikitupa. Juu ya kabati kulikuwa na kopo la kakao la kukhu, nyanya yetu, huyo mama yake senge. Kukhu alivuta sigara kama wazee wengi wa kike wa kwetu, moto ukiwa ndani ya mdomo. Karatasi ya rangi ya fedha ya kila pakiti aliinyosha kwa ukucha, akaiweka humo. Hakuwahi kutuambia anazitunzia nini. Nilitoa moja, nikaziba tundu, nikaigeuza kadi.

Lilikuwa jicho. Rangi zilijikaza kuzunguka mboni ya fedha, na mboni haikukaa katikati. Ilielekea pembeni, upande wa chumba cha pili. Nilipima kwa rula. Kila kipande kilikuwa mahali pake. Nilipima tena.

Senge akasimama mlangoni.

“Nani anavuta sigara humu?”

Nilimwonyesha kadi. Aliinusa, akanitazama, akarudi nayo kule ndani, nami nikamfuata. Aliishika juu ya uso wa mtoto, akatamka jina la kukhu, mama yake, mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Mtoto alishikwa na kwikwi. Kisha akageuza kichwa, akatafuta titi, akanyonya. Tulisimama tukisikiliza akimeza.

Asubuhi kadi ilikuwa dirishani. Sikuwa nimelala vizuri, na nitasema ukweli: kilichonikosesha usingizi kilikuwa ile mboni, zaidi ya marehemu. Nilienda na wembe na gundi. Wifi alinishika mkono.

“Usiiguse.”

“Imepinda, wifi. Nainyosha tu.”

“Mwache. Hivyo ndivyo kukhu alikuwanga akituangalia. Ukimnyosha, ataanza kulia tena.”

Niliufunga wembe ndani ya karatasi yake. Kifuani mwa wifi, mtoto alikuwa akinyonya, jicho moja wazi, likinitazama kwa pembeni.