Wali wa Mfukoni, Ukweni Mlimba

Jamani, mkinicheka nichekeni taratibu, maana hata leo nikisikia mtu akitaja Mlimba masikio yananiwaka moto, na yaliyonipata nilijitakia mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi nakaa Ifakara, mwembamba kama ufito, umri wa kuitwa baba umefika na mke sina, na juu ya hayo daktari alikuwa ameniambia nina kisukari (aina ya pili, hii isiyonidai sindano, bali inayotaka ule kwa kipimo, utembee sana na ujipime mwenyewe). Nikatii kama mtawa: ugali wa dona kiasi cha ngumi, mchicha tele, na kila alfajiri kwa miguu hadi Kivukoni, kuutazama ukungu ukinyanyuka mtoni kama shuka linaloanuliwa. Nikirudi, nachovya kijikaratasi cha kupimia mkojo. Kikibaki buluu, nimeshinda. Kikigeuka kijani kuelekea kahawia, sukari imemwagika, jana nilidokoa.

Ndipo nikampata Regina, binti wa Mlimba, na siku ya kwenda kujitambulisha kwao akaniuliza ndani ya treni, "Habari ya sukari utawaambia?"

"Baadaye," nikasema, "tukishazoeana."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Kumbe kwao ulikuwa msimu wa mchele mpya. Mama Regina akanitengea sahani yangu peke yangu, mlima wa wali unaonukia mpaka machozi yananilenga, na samaki kitoga wa kukaanga kauegemea kama mgonjwa aliyepata mto. Kukataa chakula cha ukweni, mnajua wenyewe, ni kama kuwaambia wenyeji kwamba wanaroga. Basi nikala samaki, na wali, kila wazee walipogeuza macho, nikauchota kwa ngumi nikautia mfuko wa koti (la kuazima, Mungu anisamehe). Sahani ikaisha haraka mno.

"Mkwe anakula huyu!" Mama Regina akaita kutoka jikoni. "Mwongezeeni!"

Mlima wa pili. Mfuko wa pili.

Nikasimama kutoa shukrani, na nikiwa katikati ya "wazee wangu, shikamooni" nikahisi kitu kinanidonoa kisigino. Mfuko mmoja ulikuwa umetoboka, wali unadondoka punje kwa punje, na kuku mwenye vifaranga ananifuata nyuma kama msafara wa harusi. Nikampiga teke la siri. Akaja jogoo, akaruka, akaning'inia mfukoni kwa mdomo, kitambaa kikachanika, na wali wote ukamwagika miguuni pa baba mkubwa wa Regina.

Kuku peke yao ndio walioendelea na sherehe.

"Kijana," baba mkubwa akasema, "wali wetu una nini? Unatuona wachawi?"

"Hapana, baba mkubwa. Nina kisukari."

"Kisukari? Ule ugonjwa wa matajiri wa mjini? Tumbo lako liko wapi?"

Wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Regina alikuwa ameinamisha kichwa, nikajua posa inakwenda na maji. Mshenga wangu, Didas, niliyekuja naye, akaona aniokoe: "Wazee, anavyo vijikaratasi vyake, ajipime mbele yenu!"

Nikaenda chooni, nikarudi nimeshika kijikaratasi kwa vidole viwili kama mshumaa wa Pasaka, ukoo mzima ukakiinamia. Buluu. Buluu ya mbingu ya kiangazi.

"Sasa hiyo sukari iko wapi?" akauliza baba mkubwa. "Mwongo huyu."

Kwa mara ya kwanza niliilaani afya yangu.

"Ni kwa sababu anajitunza!" Regina akalia. "Wali hajaula, wameula kuku!"

"Basi ale, tuone."

Nikala mlima wa tatu. Sitawadanganya, ulikuwa mtamu kama kurudi nyumbani. Tukasubiri mpaka vivuli vikarefuka, nikaenda tena chooni. Kijikaratasi kikawa kijani, kikakolea, kikafika kahawia, na Mama Regina, ambaye kutwa nzima hakunitazama usoni kwa heshima ya ukwe, akapiga kigelegele! Wanawake wakamwitikia. Halafu akaziba mdomo.

"Yesu wangu, tumemlisha nini mtoto wa watu? Dawa yake nini?"

"Kutembea, mama. Mazoezi."

"Mazoezi?" Baba mkubwa akanitazama juu mpaka chini. "Nyuma ya nyumba kuna mpunga haujavunwa, ndege wanaumaliza. Ukiwafukuza mpaka jua lizame, tutazungumza habari za mahari."

Nikakimbia. Na koti la watu lililochanika, na viatu vya ngozi ndani ya matope, huku mama mkwe kasimama ukingoni anapiga makofi: "Kimbia, mwanangu, wale kulee!" Jua lilipozama, nilikuwa na mchumba.

Tangu siku ile, nikialikwa popote, hata kiti sijapewa nimeshasema: nina kisukari, wali kidogo, mboga nyingi. Didas ananiambia natangaza ugonjwa kama muuza samaki. Na iwe hivyo. Vigelegele vya mkojo, ndugu zangu, mara moja maishani vinatosha.