Jibu la Asubuhi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Julai, ukungu umelala juu ya mtaa wa Skuta, asubuhi ambayo hadi leo naiombea msamaha.

Nilikuwa kijana, mwandishi wa programu katika zahanati moja ya kanisa hapa Nyeri. Kompyuta zetu zilikuwa nzito. Karani akiuliza hifadhidata, lile daftari kuu la kompyuta, kama dawa fulani ipo, alingoja hadi chai ikapoa. Nikajiona mwerevu. Nikaifanya programu iulize mara moja tu, saa mbili asubuhi, kisha ihifadhi majibu yote katika kigeu, yaani kile kisanduku kidogo ambamo programu huweka inachotaka kukumbuka. Kutwa nzima ikasoma humo. Watu wakanisifu kwa ile kasi, nami, Mungu anirehemu, nikapenda kusifiwa.

Siku hiyo, saa tano, Mama Njoki alipiga simu kutoka kijijini Endarasha. Dawa ya kifafa ya binti yake Njoki ilikuwa imeisha. Karani akatazama skrini: pakiti mbili.

"Iko, mama. Kuja tu."

Kumbe zote mbili zilikuwa zimetolewa saa nne. Mama alifika saa nane, viatu vimejaa matope, akarudi mikono mitupu. Tungemwambia ukweli, angekwenda Nanyuki, ambako dawa ilikuwapo. Kesho yake tukasikia Njoki ameanguka karibu na jiko, mkono umeungua.

Muuguzi wetu mzee, Mama Wangari, aliniita mbele ya kabati tupu.

"Ati iko? Hebu nionyeshe."

"Mama, kompyuta ilisema..."

"Kompyuta yako ilichungulia hii kabati saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Sasa sufuria ya githeri iliyopikwa jana utaniambia ni ya leo? Hata mana ya Waisraeli ilipolazwa iliingia mabuu, kijana."

Njoki sasa ni mwanamke mzima. Tukikutana kanisani hunisalimu kwa mkono ule ule wenye kovu, wala hana kinyongo. Hilo ndilo huniuma zaidi.

Sikukatazi kuhifadhi majibu, mwanangu. Jina la mgonjwa lihifadhi, na siku aliyozaliwa. Hayo hayageuki kati ya asubuhi na jioni. Lakini kitu kinachopita mikononi mwa watu, kama dawa, rudi ukaiulize hifadhidata kabla ya kumwambia mtu aje. Kuuliza si ujinga, walisema waliotutangulia; nami naongeza, hata kuuliza mara ya pili.

Mungu akupe subira ya kuuliza tena, na asiruhusu mama yeyote atembee njia ndefu kwa sababu ya neno lako lililochacha. Amina.