Dume Lililodhaniwa Jike

Kwenye bustani ya wanyama alikofanya kazi walimbandika jina la Mama Kinyonga, na jina lenyewe lilimkera kuliko joto la chumba cha reptilia. Vinyonga walikuwa wawili tu, tena wapole. Waliomtoa jasho ni mijusi wa mawe, ambao madume yao huwaka kichwa rangi ya chungwa na mwili buluu jua likipanda. Kila mgeni aliyewaona wakibadilika alisema, "Kinyonga huyo."

"Siye," alijibu. "Kinyonga anatembea kama anaogopa kukanyaga mayai. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili, vinabana tawi kama koleo. Na macho, hili linatazama huku, lile kule. Huyu wa jiweni vidole vyake vimenyooka, na ukipepesa tu, keshatoweka."

Wageni waliitikia kwa kichwa, kisha wakawaita watoto waje kumwona kinyonga.

Hata mumewe, fundi friji, hakumwelewa. "Si wote wanabadilika rangi? Unajitesa bure, mke wangu."

Asubuhi moja ya baridi meneja aliingia na boksi. Jirani alikuwa amemnasa mjusi ghalani.

"Kinyonga mwingine huyu," alisema meneja.

Mama Kinyonga alichungulia. Mnyama alikuwa wa kahawia iliyofifia, hana hata doa la chungwa. "Mjusi wa mawe, bosi. Jike."

Mgeni kama huyo hutengwa kwanza, lakini kizimba cha kutengea kilikuwa na kioo kilichopasuka, na alikwishaomba kitengenezwe mpaka akachoka. Akamweka pamoja na dume lililokuwepo.

Mchana, akiosha mabakuli chumba cha pili, alisikia wageni wakigonga kioo. "Wanacheza," mmoja alisema.

Hawakuwa wakicheza. Jua lilikuwa limepenya kwenye paa, na yule "jike" kichwa chake kilikuwa chungwa tupu. Madume mawili yalichapana mikia, moja limeng'ata taya la mwenzake. Mama Kinyonga aliwatenganisha kwa taulo. Mjusi mgeni alikuwa amechanika mdomo na ncha ya mkia imekatika.

"Lakini ulisema jike," meneja alisema, bila ukali.

"Nilisema."

Hapo ndipo palipomuuma. Dume likipoa au likiogopa hupoteza rangi. Yeye mwenyewe huwaeleza watu hivyo kila siku. Angemgeuza tu, aone ile safu ya vitundu vidogo ambayo dume huwa nayo chini ya tumbo, karibu na mkia. Hakumgeuza. Alikuwa na haraka ya kumsahihisha meneja.

Nyumbani alisimulia yote huku akivuruga chakula kwa kijiko. Mumewe hakucheka. Kesho yake alikuja bustanini na gundi ya vioo, akaziba ule ufa, kisha akainama kumtazama mgonjwa.

"Dume?"

"Dume."

"Mbona kafifia hivi?"

"Anaumwa. Mimi ndiye niliyemuumiza."

Mumewe alikusanya vifaa vyake polepole. Baada ya siku kadhaa mjusi alikubali panzi mmoja, akamtafuna upande mmoja wa mdomo. Mama Kinyonga alimtazama mpaka akamaliza, kisha akaenda ofisini kudai kizimba cha pili, madume hayo yasiwekwe pamoja tena. Meneja akamwambia asubiri.