Povu la Drocella

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili kumi na nane. Hapana, nasema uongo: kumi na nane mvua iliua maharagwe. Ni kumi na tisa, Habineza wa kilima cha Muheto alipokuwa akipanda viazi.

Habineza huyo hakujua kukaa. Hata kanisani alisimama mlangoni, mguu mmoja nje. Asubuhi moja mkewe, Drocella, aliamka na homa kali, akamwita mumewe kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa zamani. Kabla ya mchana akaanguka jikoni, viungo vikimkakamaa, povu mdomoni.

Shemeji ya Habineza, Twizeyimana, akamvuta shati. "Usimuguse! Iko kifafa. Povu ikikurukia, tutazika watu wawili."

Kule mgonjwa hubebwa na wanaume wa kilima kwa tipoyi, machela ya miti, kila nyumba zamu yake. Lakini siku hiyo mabega yote yaliuma ghafla.

"Mimi mugongo, Papa."

"Mimi niko na malaria."

Habineza akazunguka kilima mpaka mbwa wakachoka kumbwekea. Jua likazama, likachomoza, na Drocella bado yuko chini pale jikoni, anatulia, anashikwa tena, hakuna anayethubutu kumpangusa mdomo.

Mwishowe Habineza akapiga magoti, akalipangusa povu kwa kiganja, mbele ya wote. "Haya, sasa tuko wawili. Mutatuzika ao mutatubeba?"

Wakaona haya. Wakabeba.

Hospitalini, Dokta Umugwaneza, mama mfupi mwenye haraka, akamchoma Drocella sindano ya kutuliza mishtuko, akamtoa maji ya uti wa mgongo yapimwe. "Papa, hii haiko kifafa ya kuambukiza, na hakuna kifafa ya kuambukiza. Ni kirusi kimeingia mu bongo, ni kile kinamuangusha. Tunamupa asiklovir mu serumu, maji ya kuingia mu mushipa, bila kuruka saa. Dawa hii inapenda kukimbiliwa: mukichelewa, kirusi kinakula akili ya kukumbuka."

Serumu ikadondoka. Habineza akatembea kati ya kitanda na mlango.

"Papa, ikala chini! Unatuzungusha kichwa!" wagonjwa wakalalamika.

Mishtuko ikapungua, ikakoma. Siku moja Drocella akafumbua macho, akaomba uji, akamtazama mumewe kwa adabu kama mgeni. "Papa, mimi niko muke wa nani?"

Alirudi Muheto akijua kulima na kuimba, ila arusi yao ilikuwa imefutika kichwani mwake. Habineza akamwuliza dokta, akamwuliza mchungaji, akamwuliza Twizeyimana:

"Ule usiku tulimuangalia bila kumugusa, ni ule ulikula arusi yetu, ao kirusi kilikuwa kimekwisha kuikula?"